Mita ilisoma volti 12, taa zikagoma kuwaka

Abiria alishuka kwenye bodaboda yangu huku Mjimwema, Kigamboni, akatoa simu, akabonyeza mara mbili tatu, akasema, "Nimeshakutumia kaka, elfu nne, angalia." Niangalie wapi? Simu yangu ilikuwa imezima tangu Kibada, ipo pale kwenye usukani, waya wa chaji umechomekwa kama kawaida. Nikasema sawa dada, nakuamini. Usiku nilipofika nyumbani nikaichaji ukutani na kuiwasha, hakukuwa na ujumbe wa pesa wala wa salamu.

Hiyo ilikuwa Aprili, katikati ya masika, na ndiyo siku niliyoamua kwamba hii chaja lazima ipatiwe dawa. Dawa yenyewe ilinichukua miezi miwili na pesa ambayo nikiitaja kijiweni watu wanacheka. Naandika haya kwa sababu kila wiki naona mwenzangu mmoja anapita njia ileile: taa zinawaka na kuzima, chaja inachaji ikijisikia, honi inalia leo kesho haitaki, naye anabadilisha kifaa baada ya kifaa.

Pikipiki ni ya mkataba, cc 150, hesabu, yaani pesa ya tajiri mwenye pikipiki, ni Sh 12,000 kwa siku, Jumapili ni ya kwangu. Miezi kama mitano nyuma nilikuwa nimeifunga vitu vya ziada: chaja ya simu ya kwenye usukani, taa mbili za spoti za LED, wati 18 kila moja, na honi ya pili, maana huku kwetu unagombea barabara na malori ya mchanga. Aliyenifungia alikuwa kijana wa kijiwe cha jirani. Kazi nzima ilichukua nusu saa huku tunapiga stori. Alinyanyua tangi, akatafuta waya wa moto, yaani unaoleta umeme, unaotoka kwenye swichi ya funguo, akauchuna kwa meno, akasokota waya wake juu yake, akazungushia tepu nyeusi. Waya ukapitishwa shingoni mwa usukani na kubanwa na vifungio vya plastiki, umekaza mpaka unalia ukiugusa. Athi, yaani waya wa kurudisha umeme, akaibana kwenye bolti ya karibu, chini ya taa kubwa, palepale juu ya rangi. Nikampa Sh 15,000 na soda juu. Yote yaliyokuja kunitesa yalifanyika mbele ya macho yangu nikiwa nacheka.

Ugonjwa ulianza taratibu. Nikikata kona kushoto, taa za spoti zinapepesa. Nikinyoosha, zinarudi. Kisha ikawa kwenye matuta. Kisha ikawa wakati wowote. Chaja nayo ilikuwa na vituko vyake: ukiwa hujachomeka simu, kile kitaa chake cha bluu kinawaka vizuri kabisa, ukichomeka, kinafifia na kuanza kukonyeza. Leo nikikumbuka kile kitaa najiona mjinga. Kilikuwa kinanieleza tatizo lote, mimi nikadhani kinaniambia chaja ni kimeo.

Nikanunua chaja nyingine, Sh 12,000. Ikafanya kazi siku mbili. Nikarudi dukani Kariakoo kugombana na muuzaji, akanibadilishia kwa kuongeza Sh 5,000, "hii ndiyo orijino bosi." Ikafanya kazi siku tatu.

Hapa ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza, na kosa lenyewe lilikuwa la kufikiri, pesa ilifuata tu. Chaja, spoti na honi ya pili vilikuwa vinazima pamoja. Taa kubwa haikuwahi kupepesa. Indiketa zilikuwa nzima. Stata ilikuwa inapiga asubuhi bila kusita. Mtu akitulia na kujiuliza tu "vinavyozima ni vipi, na vinatumia njia gani moja?" anakuwa ameshaondoa robo tatu ya pikipiki kwenye orodha ya watuhumiwa. Vitu vitatu haviwezi kufa pamoja na kufufuka pamoja kila mara kwa bahati mbaya. Kuna sehemu wanakunywa kisima kimoja. Mimi sikuuliza. Nilikuwa natibu kila mgonjwa kivyake.

Fundi wa pili akaniambia ni betri. Alipima, akasema "imechoka", nami sikuuliza alipima nini. Betri mpya Sh 55,000. Siku hiyo nililipa hesabu pungufu, tajiri akanipigia mara mbili, na nyumbani tukala ugali na dagaa kwa siku nne mfululizo. Mke wangu hakusema kitu. Aliiangalia tu ile betri ya zamani niliyorudi nayo mkononi, akaniuliza, "Hii nayo tunaipeleka wapi?" Taa zikaendelea kupepesa.

Kwa anayetaka kujua kama betri yake ni mbovu kweli kabla hajatoa pesa: iache pikipiki ilale usiku mzima, asubuhi kabla ya kuwasha pima kwa mita ya volti kwenye vichwa vya betri. Ikiwa nzima na imejaa utasoma kama volti 12.6 hadi 12.8. Kisha piga stata huku unaangalia mita. Ikishuka sana, chini ya 10 hivi, na stata inazunguka kivivu, hapo una sababu ya kushuku betri. Washa injini, ivute kiasi, usome tena: ukiona kati ya 13.8 na 14.5, chaji inaingia, yaani koili inayozalisha umeme kwenye injini na rektifaya inayouandaa uingie kwenye betri vinafanya kazi. Haya yote ni dakika tano. Nilipokuja kuipima betri yangu ya zamani baadaye ilisoma 12.7. Sitaki kuizungumzia sana.

Mwezi Mei fyuzi ikaanza kukata. Ilikuwa ya ampea 10. Nikaweka nyingine, ikakata baada ya siku moja. Nikaweka ya tatu. Kijiweni pale kuna jamaa yetu mmoja, mtu mwema, hana hila hata kidogo, akachukua ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi iliyoungua, akairudisha mahali pake. "Hapo haikati tena mpaka unaiuza." Kweli, haikukata.

Siku mbili baadaye, saa mbili usiku, nimembeba mama mmoja anayetoka Feri na beseni lake la samaki. Tumepita tuta moja vibaya, nikasikia harufu ya plastiki, kisha moshi unatoka chini ya tangi, katikati ya mapaja yangu. Chini ya tangi la petroli. Yule mama aliruka kabla sijasimama sawasawa. "Zima! Zima wewe!" Nikazungusha funguo, mikono inatetemeka, moshi ukapungua taratibu hadi ukaisha. Samaki walikuwa wametapakaa lami nzima. Tuliwaokota kwa tochi ya simu yake, na nauli sikuthubutu kuitaja.

Kilichotokea ni hiki. Ile tepu ya kijana wa kwanza ililegea kwa joto la injini, maungio yakabaki wazi, na kila pikipiki ikiruka yanagusa fremu. Fyuzi zilikuwa zinakata kwa haki kabisa. Fyuzi haikuwekwa kulinda taa wala chaja, imewekwa kulinda waya usigeuke jiko. Ukiweka karatasi ya sigara, kitakachokata badala yake ni waya wenyewe, na hautakata kimya kimya. Fyuzi ikikata mara mbili, weka pikipiki pembeni utafute inapogusa. Usiongeze ampea. Nakuambia nikiwa bado nina alama ya waya ulioyeyuka kwenye rangi ya fremu, na tajiri ameiona.

Fundi wa tatu aliondoa waya ulioungua na kuniunganishia moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila kupita swichi ya funguo. Akaunga mbele ya tangi na kipande cha waya wa zamani kinachopita shingoni, kwa kuwa chenyewe hakikuungua. Nikafurahi kwa usiku mmoja. Usiku huohuo nilisahau spoti zinawaka, maana sasa hazikuwa zinazimwa na funguo. Spoti mbili za wati 18 ni wati 36, gawanya kwa volti 12 ni ampea 3. Betri yangu ni ya ampea-saa 7, yaani kama ampea 7 kwa muda wa saa moja. Fanya hesabu mwenyewe: saa mbili na kitu imekwisha. Asubuhi niliisukuma pikipiki hadi barabara kubwa, watoto wa shule wananisaidia na kunizomea kwa pamoja. Na ile kupepesa? Ilikuwepo vilevile.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi umeme wa magari, ana kibanda chini ya mwembe huko Kibada. Hapendi pikipiki, alinikatalia mara ya kwanza. Mara ya pili nilimkuta hana kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umerudi na kijipikipiki chako. Haya, kimefanya nini?"

Nikamsimulia kuanzia mwanzo. Akanisikiliza huku anakunywa kahawa, hakugusa kitu. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, kitu kilichokufa kinabaki kimekufa. Kinachokufa na kufufuka, kimeshikwa mahali pabaya. Nioneshe kinaposhikwa."

Akachomoa plagi ya spoti, akapima ule waya wa moto: 12.5. Nikamwambia hata mimi nilishaonyeshwa hivyo, umeme upo. Akacheka. Akairudisha plagi, akachomeka ncha ya mita kwa nyuma ili taa ziwe zinawaka huku anapima. Zikawa 6.8. Kisha akaniambia nigeuze usukani kushoto taratibu. Namba zikashuka mpaka sifuri na kitu, taa zikazima. Nikarudisha katikati, zikarudi.

"Bomba lililoziba," akasema, "ukifunga koki, presha yake iko palepale. Ukifungua ndiyo unajua."

Hapo ndipo penye siri yote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mita haili umeme, au inakula kidogo mno. Hata waya ambao nyuzi zake za shaba zimekatika na zinagusana kwa shida tu ndani unaweza kuipelekea mita volti 12 zilizonyooka. Lakini taa inataka ampea 3 zipite, na mguso dhaifu kama huo hauwezi kuzipitisha bila kula volti nyingi njiani. Kwa hiyo kupima waya uliochomolewa kunakuambia tu kwamba umeshikana mahali fulani, hakukuambii umeshikana vipi. Pima vitu vikiwa vinafanya kazi. Na njia nzuri kuliko zote ni kupima kinachopotea: ncha moja ya mita kwenye kichwa cha moto cha betri, nyingine kwenye mwisho wa waya wa moto pale taa inapoanzia, taa zinawaka. Kwenye waya mzima utasoma kitu kidogo sana, 0.1 au 0.2. Mimi kwangu zilisomeka 5 na ushee. Volti tano zinapotelea ndani ya waya wa urefu wa mita moja na nusu! Ukishapata namba hiyo, unasogeza ncha ya pili kurudi nyuma kuelekea betri, hatua kwa hatua, na mahali namba inapodondoka ghafla umeshapita ugonjwa.

Ilidondoka shingoni. Mzee alikata vile vifungio vya plastiki, akaupinda waya kwa vidole viwili. Kwa nje ganda lilikuwa zima kabisa, jeusi, halina hata mkwaruzo. Lakini sehemu moja, kama urefu wa ukucha, ulikuwa unapindika kama mlenda wakati kwingine kote waya ni mkakamavu. Akaupasua pale kwa wembe. Ndani kulikuwa na unga wa kijani, ule wa shaba iliyooza, na nyuzi zote zimekatika, ncha zake zinagusana kwa shida ndani ya ule unga. Nilikuwa nimefungiwa waya umekazwa, na kila ninapogeuza usukani unakunjwa mahali palepale. Kunjo moja halina neno. Mimi nageuza usukani mara ngapi kwa siku? Na maji ya masika na upepo wa chumvi wa huku kwetu vilikuwa vinaingia kupitia maungio ya tepu na kutembea ndani ya ganda.

Mzee akabadilisha kile kipande, akachomea kwa risasi, akavalisha ule mpira unaosinyaa kwa moto. Spoti zikawaka nyeupe ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Akasema niiache pikipiki mpaka saa kumi jioni, kwa sababu hajapima athi, na waya wa kwenye betri bila funguo haupendi. Nilikuwa na hesabu ya kukamilisha. Nikamwambia nitarudi Jumapili. Alinitoza Sh 10,000, akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayesema hana homa.

Siku tisa. Siku ya kumi mvua ilinyesha, na taa zikapepesa.

Sikurudi kwake mara moja, kwa aibu. Nilinunua mita yangu mwenyewe, Sh 18,000, nikakaa nayo uani Jumapili. Safari hii nikapima upande wa pili: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa athi wa taa, taa zinawaka. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ilisoma 2.6, na nikitikisa usukani inaruka ovyo kama namba za bahati nasibu. Wengi tunahangaika na moto tu, athi tunaiona kama mahali pa kufunga waya uliobaki. Umeme unaoenda lazima urudi, na kwenye kurudi unaweza kukwama vilevile.

Nikafuata waya hadi ile bolti ya chini ya taa kubwa. Kwanza, imebana juu ya rangi. Pili, na hili sikulijua, kile kibao cha taa kimefungwa kwenye fomu za mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, na fomu zinageuka na usukani. Kinachoziunganisha na fremu ni beringi za shingo, na beringi zimejaa grisi. Yaani athi yangu yote ilikuwa inarudi kwa kupapasa golori ndani ya grisi. Ajabu ni kwamba iliwahi kufanya kazi.

Nikarudi kwa mzee na mandazi ya mke wangu. Tukafanya upya, mimi nikiwa mikono, yeye akiwa mdomo. Waya mpya wa milimita za mraba 1.5 kutoka kwenye betri, fyuzi ya ampea 10 imewekwa karibu kabisa na betri, shubiri moja haifiki, ili kipande kisicholindwa kiwe kifupi. Kisha rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme badala ya kidole. Rilei ya kawaida ya gari, Sh 5,000, ina miguu yenye namba, na ukizijua namba hakuna uchawi: 30 inapokea moto kutoka kwenye fyuzi, 87 inaupeleka kwenye vifaa, 86 inapata waya mwembamba wa moto wa funguo, kwangu tuliuchukua kwenye taa ya nyuma, na 85 inakwenda athi. Ukifungua funguo rilei inalia "tik", vifaa vinapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila kuibebesha swichi ya funguo mzigo wote. Ukizima funguo, kila kitu kimelala. Athi ya vifaa vyote tukairudisha kwa waya wake hadi hasi ya betri, hatukuipitisha kwenye bodi ya pikipiki kabisa. Shingoni tukaacha waya umelegea kiasi cha kutosha usukani ukienda mpaka mwisho pande zote, tukaufuatisha njia ileile ya nyaya za kiwandani, maana waliozipitisha pale walishafikiria.

Kabla ya kurudisha tangi alinilazimisha nigeuze usukani mwisho kushoto, mwisho kulia, mara thelathini, taa zinawaka, kisha nikalie siti na kuruka juu yake, kisha akamwaga kopo zima la maji shingoni. Nikaona kama ananidhihaki. Ila kosa la kuja na kuondoka lazima ulilazimishe lije ukiwa umelikodolea macho, la sivyo litakuja ukiwa na abiria.

Jambo moja zaidi nililolijua kwa kuwa na mita: nikiwa kwenye foleni injini iko sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvutwa, spoti zikiwaka na simu inachaji, betri inasoma 12.3 tu, maana yake natumia zaidi ya kinachoingia. Nikivuta inapanda hadi 14. Siku hizi kwenye foleni nazima spoti, na wenye magari wa mbele yangu nao wanapumua.

Hesabu kamili: chaja Sh 17,000, betri Sh 55,000, mafundi wa katikati Sh 28,000, fyuzi sikumbuki, pesa ya yule dada Sh 4,000, samaki wa yule mama nilikuja kuwalipa nusu. Waya, rilei, fyuzi na mzee kwa mara zote mbili, Sh 34,000, na mita juu. Honi ya pili bado hailii vizuri, lakini hiyo ni honi yenyewe, nimeipima ikiwa inalia.

Ile betri ya zamani haikwenda popote. Niliiunganisha na kijipaneli kidogo cha sola, na mpaka leo inawasha taa ya choo usiku kucha.